Chupa Sita za Ba Madhu

Asali ya mizinga ya magogo inanukia moshi. Sisemi hii ya kwenye vichupa vya supamaketi, iliyochujwa mpaka ikafanana na mafuta ya kula. Hiyo hata uinuse kutwa nzima huambulii kitu. Nasema ile ambayo mrina asali amepanda mtini na kienge cha moshi mkononi, nyuki wakimng'ata shingoni, akaikamua kwa mikono yake, na vipande vya nta bado vinaelea. Wiki iliyopita nilifungua ndoo ya asali ya namna hiyo jikoni kwangu hapa Lemara, Arusha. Harufu ilinipiga usoni nikafunika haraka, na wala si kwa sababu ya nzi. Ndoo hiyo ni mavuno ya mwisho ambayo mume wangu, aliyetangulia mwaka juzi, aliyarina kwenye mizinga ya babu yangu, na mtoto wa kaka yangu Lazaro amekuja kuniomba asali ya kupeleka posa.

Nilimwambia, "Nitaangalia, mwanangu," jibu ambalo kila aliyewahi kuomba kitu kwa mtu mzima analijua. Kijana wa watu akaaga kwa adabu. Mimi nikabaki nimekaa, mfuniko umenishinda kuachia, nikimkumbuka mama mmoja wa Kihindi tuliyemwita Ba. Nimemuwaza wiki nzima. Ngoja niwaeleze, maana habari hii sijawahi kumweleza mtu ikakamilika. Hata mume wangu nilimpa nusu tu, ile nusu isiyonitia aibu.

Nilikuwa na miaka kumi, na enzi za ruksa ndiyo kwanza zilikuwa zimetukolea. Waliozaliwa juzi hawawezi kuelewa. Kabla ya hapo sukari ilikuwa kitu cha kupanga foleni tangu alfajiri, umekumbatia mfuko, na ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Kwetu tulikunywa chai kwa asali ya babu, na tukajiona maskini kwa sababu hiyo. Halafu ghafla, jamani, maduka yakajaa! Sukari nyeupe kwenye magunia, biskuti za nje zenye krimu katikati, bazoka za kutafuna, sabuni inayonukia maua. Mtaani kwetu watu waliacha kunywa chai ya asali kana kwamba ni ugonjwa. Mama alianza kuweka sukari vijiko vinne kwenye kikombe kimoja, na wageni wakija aliacha bakuli la sukari wazi mezani ili lionekane.

Mama alikuwa anauza maziwa. Baba alifariki mimi nikiwa nanyonya, kwa hiyo ng'ombe watatu na mama mmoja ndio waliotulea mimi na Lazaro. Kila asubuhi aliteremka mjini na madumu yake, na nyumba ya mwisho katika mzunguko wake ilikuwa ya Ba, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Ngazi zake zilikuwa nyembamba, zikinukia ubani na binzari iliyokaangwa. Jumamosi, kwa kuwa hakuna shule, maziwa ya Ba niliyapeleka mimi.

Ba kwa lugha yao ya Kigujarati ni mama, au bibi. Jina lake hasa lilikuwa Madhu. Alikuwa mfupi, mwenye miguu iliyovimba, akivaa sari nyeupe tangu alipofiwa na mumewe mwaka uliotangulia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjavunja na kila mtu kwake alikuwa "toto", hata mama yangu mwenye ndevu mbili kidevuni. Tulikuwa tukimwigiza nyumbani mpaka mbavu zinauma. Sisi wenyewe basi, Waarusha, Kiswahili chetu nusu kilikuwa Kimaa, na mtu wa Tanga angetupanga wote kwenye benchi moja na Ba akatucheka kwa pamoja.

Sebuleni kwake kulikuwa na kabati la vioo. Ndani yake, chini ya picha za miungu yao zilizovishwa mashada ya maua, zilisimama chupa sita za asali. Niliijua ile asali. Ilikuwa ya babu yangu, mzaa baba, aliyekuwa na mizinga yake juu kwenye mteremko wa magharibi wa Mlima Meru. Mama alikuwa akiwauzia chupa moja kila mwaka wakati wa mavuno. Kila chupa ilikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa wino wa bluu, herufi zao zile zilizopinda, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Asali ya ndani ilikwisha kuganda, nyeupe juu, ya kahawia chini. Ba hakuwahi kunionjesha hata tone. Alinipa peremende, alinipa chapati nyembamba zenye samli, lakini kabatini hakugusa. Kwa hiyo mimi nikampachika jina: Mchoyo wa Asali. Mungu anisamehe, hilo jina nililitangaza mtaa mzima.

Sasa Lazaro. Kaka yangu alikuwa fundi makenika, mikono haitakati hata kwa mafuta ya taa, na alikuwa amempenda msichana mmoja wa Kisongo aitwaye Namnyaki. Kumpenda kwenyewe kulikuwa kwa kutia huruma. Kila Jumapili baada ya ibada alitembea kwa miguu mpaka Kisongo, akarudi jioni na vumbi hadi kwenye kope, akiimba pambio moja hilo hilo wiki nzima. Tatizo lilikuwa mjomba wa Namnyaki, ambaye ndiye mwenye sauti pale nyumbani. Alikuwa amemwona mfanyabiashara mmoja wa mitumba mwenye pikapu, na moyo wake ulikuwa umeshapanda kwenye hiyo pikapu. Alikubali kutusikiliza kwa sababu tu babu yangu aliheshimika. Alitoa siku moja, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa nane mchana, na akasema wazi kwamba hatatoa nyingine.

Kwetu mtu haendi kuposa mikono mitupu. Unatangulia na asali. Na hiyo asali ya kwanza hupelekwa ikiwa asali, nzito, haijaingia maji. Wanawake wa upande wa binti huichanganya na maziwa wakanywa, na wakishakunywa ndipo mazungumzo yana mlango. Pombe ya asali ni ya wazee, nayo huja baadaye, mambo yakishakubaliwa. Ukifika siku ya kwanza na asali iliyochacha, umewaambia wale wazee kwamba wewe umeshamhesabu binti yao kuwa wako na wao hawana la kusema. Juu ya hayo babu alikuwa na sharti lake: asali ya posa lazima itoke kwa nyuki wa ukoo wa mwoaji. Ya kununua sokoni aliiita maji ya barabarani. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, nyuki wengi wakahama, na kutoka mizinga yake yote babu alipata kibuyu kimoja. Alikileta Lemara miezi miwili kabla, akakitundika mwenyewe stoo, akanitazama mimi kuliko alivyowatazama wengine.

Alikuwa ananijua. Siku ya tatu nilikata kikonyo cha jani la boga, kile chenye tundu katikati, nikapanda juu ya gunia la mahindi na kufyonza. Nilijiambia ni mara moja tu. Kesho yake nilijiambia ni mara ya mwisho. Jamani, asali ya kuiba ina utamu ambao hata leo sijaupata mahali! Kufikia mwezi wa saba kibuyu kilikuwa chepesi kiasi kwamba kilicheza kikiguswa, nami nikaanza kuota Lazaro anakitikisa mbele za watu.

Ndipo akili yangu ya miaka kumi ikafanya kazi. Sukari si ipo tele? Mama alipokwenda kwenye maziwa nilichemsha sukari na maji mpaka ikageuka rangi ya chai ya rangi, nikaiacha ipoe, nikaimimina kibuyuni kwa faneli ya mafuta ya taa ambayo, angalau, niliiosha. Kibuyu kikajaa. Nilikitikisa, nikaonja, nikaona ni kitamu kuliko mwanzo. Wiki zote mbili zilizofuata nilitembea kifua mbele, najiona mtu mwenye maarifa.

Asali tupu haiharibiki. Ukiitia maji, inaamka. Hilo sikulijua, na kulikuwa na wiki mbili za kuamka.

Asubuhi ya Jumamosi yenyewe niliingia stoo kuchukua dumu, nikakuta kizibo cha kibuyu kiko sakafuni. Povu lilikuwa limeshuka ubavuni na sisimizi wameshaunda barabara. Harufu ilikuwa ya kilabuni kabisa. Mama alikuwa kwa jirani anahangaika na shangazi zangu, akanipigia kelele kupitia uani niwahi kumpelekea Ba maziwa nirudi kuoga. Lazaro alikuwa amesimama mbele ya kioo kidogo, kwenye shati la mkopo, anajaribu kuondoa grisi kwenye kucha kwa njiti ya kiberiti. Alinitazama akatabasamu. Kama angenitukana ingekuwa nafuu.

Kumwambia mama nilishindwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikamwaga ile pombe yangu kwenye shina la mgomba, nikasuuza kibuyu, nikakifuta ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Nikakilaza kwenye kikapu, nikaweka dumu la maziwa juu yake. Njiani kuelekea mjini nilikuwa nasali kwa Kiswahili na kwa Kimaa ili nisiachwe na lugha yoyote. Nilijua mahali pamoja tu duniani palipokuwa na asali ya babu yangu, nayo ilikuwa kabatini kwa Mchoyo.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba, toto. Kwa nini macho nyekundu?"

"Vumbi."

Mwezi wa saba Arusha ni baridi na manyunyu, vumbi litoke wapi? Nami nikaangua kilio pale pale mlangoni, nikamweleza yote, kikonyo cha boga, sukari, pikapu ya mwenye mitumba, kila kitu, huku makamasi yakishindana na maneno. Nilipomaliza nilitoa kibuyu kwenye kikapu kama ushahidi.

Ba hakunigombeza. Alikaa kwenye stuli ya jikoni akakishika kile kibuyu mapajani. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Kaka yako napenda yeye? Kweli kweli?"

Nikamweleza habari za Jumapili, na vumbi la kwenye kope, na lile pambio.

"Na yeye napenda kaka yako?"

Nikasema Namnyaki huwa anamsindikiza nusu ya njia, halafu Lazaro anageuka kumsindikiza yeye, na hivyo wanasindikizana mpaka jua linazama. Ba alicheka kidogo puani. Akainuka, akaenda sebuleni, nikasikia mlango wa kabati unalia.

Alileta chupa mbili mbili mpaka zikatimia sita mezani. Akapindua moja, asali haikusogea. Akajaribu kijiko, shingo ya chupa ilikuwa nyembamba mno. Akafungua dirisha na kutazama nje. Mlima haukuonekana hata nyayo, wingu lilikuwa limekaa juu ya mji, na jua la kuyeyusha asali lingetokea labda mwezi wa tisa. Kisha akafanya kitu ambacho nilikiona bila kukitilia maanani. Alichukua chupa moja, akaweka ukucha kwenye pembe ya kile kikaratasi, akajaribu kukibandua taratibu. Kilikuwa kimebandikwa kwa uji wa unga wa ngano, kimekauka miaka. Kikachanika. Akaondoa mkono haraka, akakibonyeza pale kilipochanika ili kirudi.

Akainua macho. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne. Halafu akawasha jiko, akateka maji kwenye sufuria kubwa kuliko zote, akayapasha mpaka yakawa ya kuoga mtoto.

"Kaa, toto. Mimi nasoma kwanza."

Ndipo akanieleza. Mumewe alikuwa mwenye lile duka la vitambaa chini, lakini utotoni baba yake alimfundisha Kisanskriti, lugha ya zamani ya vitabu vya dini yao. Mwaka ambao daktari alimpiga Ba marufuku ya vitu vitamu, kwa kuwa alikuwa na kisukari, mzee alinunua asali kwa mama yangu kama kawaida yake. Ba akamwakia: unataka kuniua? Mzee akamjibu kwamba jina lake, Madhu, katika lugha ile lina maana nyingi, zaidi ya asali peke yake, na kila mavuno atamwandikia moja. Kama hawezi kula, basi atasoma.

"Hata ugonjwa yangu," Ba alisema, "kule India jina yake ndani iko jina yangu." Alicheka mpaka tumbo likatikisika.

Alichukua chupa ya kwanza, akaisoma kwa Kigujarati polepole, kidole kikifuata herufi. Kisha akanitafsiria. Asali, na kila kitu kitamu, hata sauti ya mtu. Mzee alianza na rahisi. Akaizamisha sufuriani. Ya pili ilikuwa maziwa. Akanishika kidevu, akasema, "Hii ya mama yako." Ya tatu ilikuwa mwezi wa maua, wakati baridi inakwisha kwao na kila mti unachanua. Akaniuliza kwetu ni lini. Nilifikiri, nikamwambia ni wakati ule mijakaranda inapomwaga maua ya zambarau barabarani tukichelewa shule kwa kuyaokota. Alikubali kwa kichwa, akasema mzee alipenda kutazama maua hayo dirishani. Akaizamisha.

Ya nne aliisoma huku amefunika mdomo kwa upindo wa sari. Pombe ya asali! Mzee hakuwahi kuonja pombe maishani, na chupa hiyo aliificha nyuma ya nyingine kila dada yake alipokuja kuwatembelea. "Yako ndiyo hii, toto," Ba aliniambia, nami, na majanga yangu yote, nikacheka. Ya tano ilikuwa jitu, jitu baya la hadithi zao za kale lililouawa na mungu. Mwaka huo mzee alikuwa ameuza cherehani ya Ba bila kumuuliza, Ba akamnunia siku tisa. Siku ya kumi akakuta chupa mezani na jina lake, maana yake jitu. Alisema alikasirika zaidi, akaenda chumbani, akachekea mto.

Ya sita mwandiko wake ulikuwa wa kutetemeka. Hiyo mzee aliiandika akiwa kitandani. Ba aliisoma mara mbili kwa Kigujarati kabla ya kunitafsiria.

"Anasema, maneno yangu naisha. Uliza nyuki."

Akaiweka nayo majini, polepole, mpaka kwenye shingo.

Tulisubiri. Jiko lilivuma, asali ikaanza kulegea, na ile harufu ya moshi ikapanda ikajaa jikoni mwote, ikafukuza binzari na ubani. Ba alifumba macho akainusa. Tulipoanza kumimina, kila chupa ilichukua muda wake, uzi mnene unaoshuka bila kukatika, na kibuyu kikajaa hadi shingoni. Alikifunga kwa kitambaa safi na kamba ya katani. Mimi, ili nionekane mtoto mwenye adabu, nikavamia usafi. Maji ya sufuria yalikuwa yamegeuka bluu, na vikaratasi sita vilikuwa vinaelea juu, vyeupe, havina kitu. Nikavikusanya, nikavikamua, nikavitupa kwenye pipa la taka. Maji nikayamwaga kwenye sinki, nikafungulia bomba mpaka bluu yote ikaisha.

"Ba, nimeshasafisha!"

"Asante, toto," akasema. "Kimbia sasa."

Nilikimbia. Saa nane tulikuwa Kisongo, wanaume wamekaa upande mmoja na mimi upande wa wanawake, nimebeba maziwa. Babu alifungua kibuyu mwenyewe. Kama ilivyo ada yake alichovya kijiti cha nyasi akaonja kabla ya kukikabidhi, na hapo nikaona uso wake unasita. Asali yake aliijua kama mtu anavyojua ng'ombe zake. Alijua hii haikuwa ya mwaka huu. Macho yake yalizunguka taratibu yakanikuta. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Babu akameza, akakikabidhi kibuyu kwa wenyeji, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ni ya nyuki wetu." Ilikuwa kweli tupu. Wanawake wakachanganya, wakanywa, shangazi mmoja wa Namnyaki akapiga kigelegele kabla ya wakati wake, na yule mjomba alipolamba midomo nilijua pikapu imekosa abiria.

Tuliporudi babu aliniita pembeni ya zizi. Nilimweleza yote. Nilitegemea fimbo, lakini fimbo ilikuja kutoka kwa mama, kwa njia ya mwiko, na sitaki kuizungumzia. Babu aliuliza kitu kimoja tu: "Huyo mama amebakiwa na nini?"

"Amebakiwa na chupa zake zote," nilijibu kwa fahari. "Hakupoteza chochote, yeye hata asali hali."

Babu akageuka, akaanza kufunga zizi.

Mavuno yaliyofuata alishuka mjini mwenyewe, yeye aliyechukia mji, na rubega lake na makatambuga ya tairi, akapanda zile ngazi nyembamba na chupa moja kwapani. Nilikuwa mkalimani, ingawa hakuna aliyenihitaji. Babu aliiweka chupa mezani kwa mikono miwili. Ba akaipokea kwa mikono miwili. Wakanywa chai, hawakuzungumza zaidi ya mvua na ng'ombe. Chupa hiyo ilikaa peke yake kabatini, haina karatasi, mpaka mtoto wa Ba alipokuja kumchukua kwenda kuishi naye ng'ambo. Tukasikia baadaye kwamba amefariki huko. Mama alilia kama kafiwa na dada, na mimi, msichana mkubwa wa sekondari, nilisikitika kidogo nikaendelea na mambo yangu.

Miaka yote hiyo, nikimkumbuka Ba, nilikumbuka jinsi alivyonifundisha lile neno. Niliwahi hata kujisifu kwalo mbele ya watu: najua neno la Kisanskriti, nina maana zake tano. Mpaka wiki iliyopita nilipofungua ndoo ya mume wangu ndipo nilipoelewa kwamba siku ile mwalimu hakuwepo wala mwanafunzi hakuwepo. Alisoma kwa sauti kwa sababu alijua maji ya moto yangefanya nini kwa wino. Alikuwa anamsikiliza mumewe, chupa kwa chupa, kwa mara ya mwisho, na kwa kuwa nilikuwepo akanitafsiria. Kisha mtoto aliyekuwa akimwita mchoyo akamwaga ile sauti kwenye sinki, akafungulia bomba, akadai kusifiwa. Naye akamsifu.

Naona aibu, mwenzangu. Naona aibu mpaka leo, na Ba hayupo nimwombe radhi.

Leo asubuhi nimempigia simu mtoto wa Lazaro na Namnyaki. Nimemwambia aje Jumamosi na kibuyu kikavu, kisicho na tone la maji, na asithubutu kuleta dumu la plastiki. Kijana amefurahi, kisha akauliza kwa woga kwamba, shangazi, utatupunguzia kiasi gani?

Nimemwambia, "Yote." Halafu nimekata simu, nimefungua mfuniko, nimeinamisha uso juu ya ndoo, nimelia nilivyotaka.